Bunduki za kivita, risasi na vifaa vya askari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ubora

Ubishi wa bunduki ipi bora hauishi, na mara nyingi hauishi kwa sababu wabishi wanataja majina tu. Bunduki haipimwi peke yake. Hupimwa pamoja na risasi inayolishwa, magazini inayoishikilia risasi hiyo, mafuta, vipuri na mafunzo ya anayeibeba. Ukiacha kimoja kati ya hivyo, silaha nzuri humuua mwenye nayo. Majibu yaliyo hapa chini yanafuata msimamo huo.

Ipi bora, SMG au M16?

Kwanza jibu maswali mawili: nani atapeleka vipuri, na nani atasimamia usafi? AKM, aina ya AK ambayo kwa Tanzania huingia katika jina la jumla la SMG, ina uzito wa kilo 3.1 hivi bila magazini. M16A1, aina ya M16 ya Marekani, ina kilo 2.9 hivi. Risasi ya AKM hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 715 kwa sekunde, ya M16A1 kwa mita 990, kwa hiyo ya pili haishuki sana ikiwa mbali na makosa ya kukadiria umbali hayaigharimu sana. AKM iliyo katika hali nzuri hutawanya risasi ndani ya duara la sentimita 10 hadi 15 kwenye mita 100. M16A1 yenye risasi nzuri hupunguza duara hilo sana.

Kwa jeshi lenye ugavi wa kubabaisha na kuruti wa wiki chache, tungechagua SMG bila kusita. Kwa jeshi linaloweza kupeleka springi, magazini mpya na mafuta hadi kwenye platuni ya mwisho, bunduki za ukoo wa M16 zilizotengenezwa baada ya marekebisho ni bora. Asiyekubali nusu ya pili ya jibu hili kwa kawaida anaitaja M16 ya mwaka 1966, na hiyo ina maelezo yake hapa chini.

Ni kweli SMG haikwami hata ikizikwa kwenye tope?

Si kweli, ingawa sifa yake ya uvumilivu ni ya haki. Sababu zake ni tatu. Pistoni ya gesi imeunganishwa moja kwa moja na kibebeo cha bolti (bolti ni chuma kinachoifungia risasi mtutuni), hivyo chuma kizito kinarudi nyuma kwa nguvu kubwa kuliko inayohitajika. Sehemu zinazosogea zimeachiwa nafasi, hivyo mchanga kidogo una pa kwenda. Na ganda la risasi la 7.62x39 (kipenyo cha risasi na urefu wa ganda, kwa milimita) limechongoka kuelekea mbele, hivyo likianza tu kuvutwa linaachana na kuta za chemba, yaani sehemu ya mtutu inayoshika risasi.

Udhaifu wake uko upande wa kulia. Mkono wa usalama ukishushwa ili kufyatua, unaacha wazi ufa mrefu ambamo mpini wa kukokea hupita. Tope zito likiingia humo, lile pengo linalomeza mchanga hugeuka kuwa ndoo ya udongo, na bolti haifungi. M16 ikiwa na kifuniko chake cha vumbi kimefungwa ina matundu machache zaidi. Askari anayetambaa matopeni na SMG auache mkono wa usalama juu mpaka wakati wa kufyatua.

Vietnam ilikuwaje? M16 ilikuwa mbovu kweli?

Bunduki iliyofika kwa askari ilikuwa mbovu, na wanajeshi walikufa kwa ajili hiyo. Lakini ubovu huo haukutoka kwenye mchoro wa mbunifu wake, Eugene Stoner. Ulitoka kwenye maamuzi yaliyofanywa ofisini baadaye, na hii ndiyo kesi ambayo kila anayeshughulika na ununuzi wa silaha angepaswa kuijua kwa undani.

Stoner aliibuni AR-15, bunduki iliyokuja kuitwa M16, katika kampuni ya ArmaLite, na haki zake zikauzwa kwa Colt mwaka 1959. Bunduki ilikuzwa ikitumia baruti ya vijiti vidogo iliyoitwa IMR 4475. Jeshi la Marekani lilipoanza kuagiza risasi kwa wingi, lilidai mwendo wa futi 3,250 kwa sekunde huku shinikizo ndani ya chemba likibaki chini ya kikomo. Baruti ile haikuweza kutimiza yote mawili kwa uhakika katika kila shehena. Mwaka 1964 likaruhusu baruti ya vidonge vya mviringo, WC 846. Mwendo ukapatikana. Ila baruti hii ilikuwa na tabia nyingine ndani ya mtambo: shinikizo kwenye tundu la gesi lilikuwa kubwa zaidi, bolti ikarudi kwa kasi zaidi, na bunduki ikapita kikomo chake cha risasi 850 kwa dakika. Bolti inayokimbia mno hulivuta ganda wakati bado limebana kuta za chemba. Kucha ya kuvutia inachana ukingo wa ganda au kuuachia, na ganda linabaki ndani.

Juu ya hilo, baruti hiyo ilikuwa na kalisi kaboneti iliyowekwa kupunguza asidi. Ilipozidi, ilijenga masizi magumu kwenye mrija mwembamba wa gesi. Chemba haikupakwa kromu, ingawa mitutu ya Kisovieti ilikuwa inapakwa, na katika unyevunyevu wa Vietnam ikapata vijishimo vya kutu. Ganda la shaba likipanuka kwenye vijishimo hivyo linang'ang'ania. Kisha kikaja kilichouma kuliko vyote: silaha ilisifiwa kuwa inahitaji usafi kidogo tu, na askari wengi walipelekwa vitani bila fimbo ya kusafishia, brashi wala mafuta yanayofaa. Dawa pekee ya ganda lililokwama ni kuingiza fimbo mdomoni mwa mtutu na kulisukuma nje. Kwenye mapigano ya vilima vya Khe Sanh, Aprili na Mei 1967, kikosi kilichokuwa na fimbo chache kilikuwa kinazungushiana chini ya moto wa adui.

Kamati ndogo ya Bunge la Marekani chini ya mbunge Richard Ichord ilichunguza mwaka huo huo. Ilibaini kwamba Colt iliruhusiwa kuzijaribu bunduki kiwandani kwa risasi za baruti ya zamani, kwa sababu kwa baruti mpya zingezidi kikomo cha kasi, huku zile zile zikipelekwa Vietnam kutumia baruti mpya. Ripoti ilisema uzembe wa maofisa wenye mamlaka ulikaribia kuwa jinai. Hatuoni neno lililo jepesi zaidi ambalo lingefaa.

Marekebisho yalikuwa ya kawaida kabisa: chemba ya kromu, kizito kipya nyuma ya bolti kupunguza kasi, kalisi kupunguzwa ndani ya baruti, vifaa vya usafi kwa kila askari, na kitabu cha picha cha mafunzo kilichochorwa na Will Eisner. M16A1 iliyopata yote hayo ilitulia. Mtu akikuambia M16 ni takataka, muulize ya mwaka gani, yenye chemba gani, na imelishwa baruti gani.

Kwa nini askari wazee hujaza risasi 28 kwenye magazini ya 30?

Desturi hiyo ilienea na magazini za M16 za risasi 20, zilizojazwa 18. Magazini ikijaa kabisa, springi imebanwa hadi mwisho na risasi ya juu inasukuma kwa nguvu dhidi ya bolti iliyofungwa. Ukiichomeka bila kuigonga vizuri, haishiki kwenye kufuli lake na inaanguka baada ya risasi ya kwanza. Kwa magazini mpya zenye springi nzuri haina ulazima. Kwa magazini chakavu, ifanye.

Kwa jumla bunduki inayokwama mara nyingi inakwamishwa na magazini. Andika namba kwenye kila magazini kwa rangi. Bunduki ikikwama, andika namba hiyo pembeni. Baada ya mazoezi mawili utakuta namba zile zile zinajirudia. Angalia midomo ya juu kama imepanuka au kupasuka, bonyeza ubao wa ndani unaosukuma risasi juu uone kama unapanda bila kukwaruza, na tikisa usikie mchanga. Magazini ya alumini ya M16 ina gramu 115 hivi na hupinda ikikanyagwa. Ya chuma ya AK ina zaidi ya gramu 300 na hupigwa sana kabla ya kupinda, lakini hushika kutu ndani mahali pasipoonekana.

SMG zote ni sawa, za Mrusi na za Mchina?

Hapana. Tafuta alama ya kiwanda upande wa kushoto wa mwili wa bunduki. Mshale ndani ya pembetatu ni Izhevsk, nyota ni Tula, namba 66 ndani ya pembetatu ni Type 56 ya China, namba 10 ndani ya duara ni Bulgaria. Zilizotoka kwenye viwanda hivyo vya serikali kwa ajili ya majeshi yao kwa kawaida ni silaha za uhakika. Type 56 nyingi zina singe ya kukunja isiyotoka na pete kamili inayozunguka kitazamio cha mbele.

Alama pekee haitoshi, kwa kuwa bunduki yenye miaka 40 inaweza kuwa imeunganishwa kwa vipande vya bunduki tatu. Linganisha namba za mfululizo kwenye mwili, kibebeo cha bolti na bolti. Chunguza ribiti zilizo mbele, karibu na chemba: zikilegea au chuma kikionyesha ufa kuzizunguka, iondolewe kazini. Mulika mtutu kutoka nyuma. Kromu iliyobanduka huonekana kama madoa meusi, na hapo usahihi haurudi tena.

Nitajuaje kama risasi ni nzuri?

Anza na kitako cha ganda. Risasi za Kisovieti zina namba ya kiwanda juu na mwaka chini: 17 ni Barnaul, 60 ni Frunze, mji unaoitwa leo Bishkek, 270 ni Luhansk. Msalaba ndani ya duara ni alama ya viwango vya NATO. Kisha mwaga risasi chache kwenye kitambaa cheupe na uzitazame moja moja. Kataa yenye ganda lililobonyea, kichwa kinachozunguka ukikishika kwa vidole, shingo iliyopasuka, kutu iliyochimba chuma, au fataki (kidude cha kuwashia baruti) iliyotokeza juu ya kitako. Unga wa kijani kwenye shaba unaofutika kwa kitambaa hauna neno. Ulioacha kishimo una neno.

Uwanjani sikiliza. Mlio ukiwa mdogo usio wa kawaida, simama hapo hapo, toa magazini, fungua bolti na uhakikishe mtutu uko wazi, maana kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimeishia katikati. Risasi inayofuata itaupasua mtutu. Ukifyatua na kimya, elekeza mdomo kwenye shabaha kwa nusu dakika kabla ya kufungua.

Kwa nini SMG yangu iliota kutu usiku mmoja baada ya kupakwa mafuta?

Fataki za risasi nyingi za zamani za Kisovieti na za Kichina zina klorati ya potasi, ambayo ikiungua huacha chumvi. Chumvi hiyo hunyonya maji hewani, na mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu. Tanga, Mombasa au Mtwara asubuhi unakuta wekundu. Chumvi huyeyushwa na maji. Fungua bunduki, mimina lita moja ya maji ya moto ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba, osha mrija wa gesi, pistoni na uso wa bolti, kausha kwa kitambaa mpaka kitoke kikavu, kisha ndipo upake mafuta, membamba. Rudia kupitisha kitambaa siku inayofuata. Kromu ya ndani ya mtutu inasaidia, lakini pistoni na tundu la gesi ndiko uharibifu huanzia.

Risasi hudumu miaka mingapi ghalani?

Kwenye kopo la bati lililofungwa, mahali pakavu na pa baridi, miongo. Kwenye kontena la chuma linalopigwa na jua, kidogo sana. Baruti ya kisasa huoza polepole yenyewe, na ndani yake huwekwa kidhibiti, mara nyingi difenilamini, kinachomeza gesi za uozo huo. Joto linaharakisha uozo na kukimaliza kidhibiti. Baada ya hapo risasi huanza kupishana nguvu, na kwa baruti nyingi za mizinga iliyorundikwa pamoja joto la uozo linaweza kuwasha moto lenyewe. Ndiyo maana majeshi makini huchukua sampuli na kupima kidhibiti maabara, badala ya kusoma mwaka tu.

Dar es Salaam inajua ghala linapolipuka maana yake nini: Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Kila mwenye dhamana ya ghala aziweke tarehe hizo mbele yake. Kreti zikae juu ya mbao, mbali na ukuta, kipimajoto kisomwe na kuandikwa kila siku, na shehena ya zamani itoke kwanza.

Risasi ya M16, 5.56, ni ndogo mno, ya kuua ndege?

Fikiria uzito kwanza. Risasi moja ya 5.56x45 ina gramu 12 hivi, 7.62x39 gramu 16, 7.62x51 gramu 24. Askari akibeba 210, hiyo ni kilo 2.5, kilo 3.4 au kilo 5, magazini hazijahesabiwa. Tofauti ya kilo mbili na nusu ni maji ya siku.

Kuhusu nguvu, mengi hutegemea mtutu na risasi kulingana. M193, risasi ya 5.56 ya awali yenye kichwa cha gramu 3.6, ilifanyiwa mtutu ambao mifereji yake ya ndani hufanya msokoto mmoja kila inchi 12. SS109, iliyokubaliwa na NATO mwaka 1980, ni ndefu na nzito zaidi, na huhitaji msokoto wa inchi 7 hadi 9. Ukiipiga SS109 kwenye M16A1 ya zamani haitulii angani na inaweza kuipiga karatasi kwa ubavu. Malalamiko mengi ya "bunduki haina shabaha" yanaanzia kwenye ghala lililochanganya hizi mbili.

G3 ya Kenya je?

Bunduki hii ya Kijerumani ya risasi 7.62x51 ni nzito, zaidi ya kilo 4, na teke lake linamchosha kuruti, lakini inapiga kwa nguvu hadi mbali na haina mrija wa gesi wa kuziba. Uhai wake uko kwenye roli mbili za bolti. Bolti ikiwa imefungwa na nyundo imeachiwa, pima pengo kati ya kichwa cha bolti na kibebeo kwa geji ya majani, yaani vibapa vyembamba vya chuma vyenye unene unaojulikana: liwe kati ya milimita 0.1 na 0.5. Likipungua, roli zimelika. Ziwekwe kubwa zaidi. Mistari myeusi kwenye maganda yaliyotoka si hitilafu, ni alama za mifereji ya chemba. Kiwanda cha Eldoret, kilichoanza uzalishaji mwaka 1997, kinatengeneza risasi zake, na ugavi wa nyumbani ni sehemu ya ubora pia.

Majeshi tajiri nayo hukosea?

Sana. L85A1 ya Uingereza iliingia kazini mwaka 1985. Kitufe cha kuachia magazini kiligongwa na nguo na magazini ikadondoka, plastiki yake ililiwa na dawa ya mbu, na katika mchanga wa Vita vya Ghuba vya 1991 ilikwama mno. Heckler & Koch walizitengeneza upya kiasi cha 200,000 kwa pauni milioni 92, na L85A2 ikawa bunduki nyingine kabisa.

Ujerumani ilikuwa na kisa cha namna tofauti. Mwaka 2015 wizara ya ulinzi ilitangaza kwamba G36, bunduki ya jeshi lake, hupoteza shabaha ikipata joto kali na haina mustakabali. Mwaka 2016 mahakama ya Koblenz ikampa haki mtengenezaji: bunduki zilikuwa zimetimiza kilichoandikwa kwenye mkataba. Usipoandika kwenye mkataba kwamba utapiga magazini nne mfululizo kwenye joto la nyuzi 45 na kupima mtawanyiko baada yake, usitarajie kulipwa.

Ubora wa silaha uliwahi kuonekana kwenye vita vya huku kwetu?

Novemba 1914 Tanga. Kombania nyingi za askari wa Kijerumani bado zilikuwa na Mauser ya 1871, yenye baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mpigaji alipo. Walishinda hata hivyo, kwa uongozi na kwa mafunzo, na Waingereza walipoondoka kwa meli waliacha bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu na risasi zipatazo nusu milioni.

Fulana ya kuzuia risasi itazuia SMG?

Fulana laini, hapana. Hili liandikwe ukutani kwenye kila kituo. Kwa viwango vya taasisi ya NIJ ya Marekani, daraja la IIIA huzuia risasi za bastola tu. Bunduki inahitaji bamba gumu. Daraja la III lilipimwa kwa 7.62x51 M80 kwa mita 847 kwa sekunde. Daraja la IV kwa risasi ya kutoboa chuma ya .30-06 kwa mita 878. Kiwango kipya cha 2023 kimepanga upya: RF1 inajumuisha 7.62x39 yenye kiini cha chuma laini na M193, RF2 inaongeza M855 (jina la Marekani la SS109), RF3 ni ile ya kutoboa chuma. Mabadiliko hayo yanatufurahisha, kwani zamani bamba liliweza kuwa na cheti halali cha daraja la III bila kuwahi kupigwa risasi ambayo askari wa Afrika anakutana nayo kila siku.

Kuzuia kupenya hakutoshi. Udongo laini unaowekwa nyuma ya fulana wakati wa majaribio haupaswi kubonyea zaidi ya milimita 44, vinginevyo mbavu na ini vinaumia hata kama hakuna tundu.

Joto na unyevu huua fulana kimya kimya. Zilizofumwa kwa nyuzi za Zylon zilipita majaribio zikiwa mpya, kisha zikadhoofika mwilini mwa wavaaji. Mwaka 2003 polisi mmoja wa Pennsylvania alipigwa na risasi ikapenya, na mwaka 2005 NIJ ikaziondolea ithibati. Dragon Skin, iliyopangwa visahani kama magamba, ilijaribiwa na jeshi la Marekani mwaka 2006: gundi ililegea kwenye joto, visahani vikahama, na risasi 13 kati ya 48 zikapenya. Kwa hiyo usiache fulana kwenye buti la gari. Usiifue kwa jiki wala kuianika juani. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ilaze kivulini. Bamba la kauri likianguka sakafuni lipigwe eksirei, kwani ufa uko ndani ambako jicho halifiki.

Helmeti mpya kutoka kiwandani inaaminika?

Ikiwa shehena yake imepigwa risasi na mkaguzi asiyelipwa na muuzaji, ndiyo. Mwaka 2010 jeshi la Marekani liliziita helmeti zipatazo 44,000, baadhi zikiwa zimetengenezwa gerezani, baada ya kubainika kasoro za utengenezaji.

Kwa nini buti mpya zilibomoka soli siku ya kwanza?

Soli za poliyurethani huvunjwa na unyevu wa hewa hata zikiwa ndani ya boksi. Baada ya miaka mitano au zaidi kwenye ghala la pwani, soli inaonekana nzima lakini ukiibonyeza kwa kidole gumba inaacha alama au inamomonyoka kama keki. Soma mwezi na mwaka uliopigwa chini ya soli kabla ya kutia saini, na kwa ghala la muda mrefu agiza soli ya mpira.

Vizibo vya masikio vina umuhimu gani?

Mlio wa bunduki ya kivita unapita desibeli 150, na usikivu uliopotea haurudi. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa dola bilioni 6 kumaliza kesi za wanajeshi waliodai vizibo vyake vilikuwa vifupi mno kukaa vizuri sikioni. Kizibo cha sponji kisokotwe kiwe chembamba, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingizwe na kushikiliwa nusu dakika kikivimba. Kikiwa kimetokeza kiasi cha kuonekana na mtu aliye mbele yako, hakijaingia.